Utumwa Unguja na Pemba haukwisha 1873

Ukipita Mkunazini, Mji Mkongwe, hukosi kumsikia mtu akisema utumwa Zanzibar ulikwisha mwaka 1873. Sivyo. Tarehe 5 Juni mwaka huo Sultani Barghash alitia saini mkataba na Uingereza, baada ya kubanwa na konseli (mwakilishi) wa nchi hiyo, John Kirk. Kilichopigwa marufuku ni kusafirisha watumwa baharini na kuwauza sokoni. Soko likafungwa, na siku ya Krismasi likawekwa jiwe la msingi la kanisa la Kianglikana papo hapo. Lakini aliyeamka mtumwa siku ile alilala mtumwa, na karafuu za Pemba ziliendelea kuchumwa na watu wasio na hiari yao.

Amri ya kuufuta utumwa kisheria ilitoka Aprili 1897, chini ya Sultani Hamoud bin Mohammed. Nayo haikumfungua mtu hivi hivi tu. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kudai uhuru wake, aonyeshe kuwa ana pa kukaa na njia ya kujikimu, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Na fidia akapewa nani? Bwana, si mtumwa! Wengi wakabaki mashambani kwa mapatano: siku kadhaa za wiki kwa mwenye ardhi, wao wapate kipande cha kupanda muhogo. Masuria, ambao hutajwa mara chache katika habari hizi, hawakuingizwa kwenye haki hiyo ila walipothibitisha kutendewa ukatili. Wao walisubiri hadi 1909.