Rimu Kubwa Si Gurudumu Kubwa: Kipimo cha Tairi na Ustahimilivu wa Gari Kwenye Mashimo

Katika karakana tunayofundishia ufundi wa magari lipo tairi moja tulilolikata vipande viwili, na kila mwaka hupitishwa mikononi mwa wanafunzi wapya. Kwa nje lina nundu ubavuni, haizidi nusu ya limau, na mwenye gari alipolileta alidhani ni dosari ya kiwandani. Kwa ndani, mkabala na nundu hiyo, ukipitisha kidole unahisi nyuzi zilizokatika zikichoma kama ncha za mkeka uliofumuka. Tairi lenyewe halikuwa kipara. Kashata zake, yaani mpira wenye mikato unaokanyaga barabara, zilikuwa nene bado. Kilichokata nyuzi ni ukingo wa shimo kwa upande mmoja na ukingo wa rimu kwa upande wa pili, ubavu wa tairi ukabanwa katikati kama kidole kwenye mlango.

Ili kuelewa kwa nini tairi hilo liliumia na la gari jirani lililopita shimo lile lile likasalimika, inafaa kwanza kusoma namba zilizoandikwa ubavuni. Tuchukue 195/65R15, kipimo cha kawaida kwa magari madogo ya saluni. Namba 195 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 65 ni asilimia: kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, yaani karibu milimita 127. Namba 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, sawa na milimita 381. Ukijumlisha rimu na mbavu mbili, ya juu na ya chini, unapata gurudumu zima lenye kipenyo cha takriban milimita 634.

Herufi R nayo ina habari yake. Ni radiali, muundo ambao kampuni ya Michelin ya Ufaransa iliuombea hataza (haki ya uvumbuzi) mwaka 1946, na ambao leo unatumika karibu kwenye kila gari dogo. Nyuzi za tairi la namna hiyo huvuka moja kwa moja kutoka ukingo mmoja wa rimu hadi wa pili, na mikanda ya waya wa chuma hulazwa chini ya kashata peke yake. Kwa hiyo sehemu inayokanyaga barabara ina ngao, ila ubavu hauna. Ubavu ni mpira na nyuzi tu, mara nyingi tabaka moja au mawili. Umeachwa laini makusudi ili ukunjike na kumeza mshtuko, na ulaini huo unafanya kazi pale tu ambapo ipo nafasi ya kukunjika.

Sasa tumvue mwenye gari la 195/65R15 rimu zake za inchi 15, tumfungie za inchi 18 zinazong'aa, zenye matairi ya 225/40R18. Piga hesabu upya: gurudumu zima lina kipenyo cha milimita 637, tofauti ya milimita 3 tu na lile la awali. Gari halikuinuka. Kilichobadilika ni kimo cha ubavu, ambacho kimeshuka kutoka milimita 127 hadi 90. Karibu theluthi moja ya mto uliokuwa ukilinda rimu imeondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na chuma. Isitoshe, rimu pana na kubwa aghalabu ni nzito zaidi, na uzito huo uko chini ya springi, mahali ambapo hakuna kinachoupunguzia kishindo isipokuwa tairi lenyewe. Hivyo shokapu, bushi na beringi nazo hupokea zaidi ya zilivyokadiriwa.

Hapa ndipo watu wengi, wakiwemo baadhi ya mafundi, huchanganya mambo mawili. Ni kweli kabisa kwamba gurudumu kubwa huvuka mashimo vizuri kuliko dogo. Mtu aliyewahi kupanda bajaji na bodaboda kwenye njia moja hahitaji kuelezwa: bajaji ina rimu ya inchi 8, gurudumu lake zima halifiki nusu mita, kwa hiyo katika shimo la upana wa milimita 400 linazama karibu nusu yake, huku bodaboda ikipita kwa mtikisiko tu. Kwa hesabu ya jiometri, gari lenye 195/65R15 likipita polepole juu ya shimo la upana huo, gurudumu linashuka milimita 71 kabla ya kugusa ukingo wa mbele. Gari lenye 265/65R17, kipimo kinachofungwa kwenye Land Cruiser Prado nyingi, linashuka milimita 56 tu, na ubavu wake una kimo cha milimita 172. Faida hiyo inatokana na kipenyo cha gurudumu zima pamoja na kimo cha ubavu. Rimu kubwa iliyovishwa tairi lenye ubavu mfupi, ndani ya gurudumu la ukubwa ule ule, haimpi dereva faida hata moja kati ya hizo mbili.

Kuna madereva wanaoamini kwamba shimo huvukwa kwa kasi, eti gari "liliruke". Hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Kwa kilomita 80 kwa saa, gurudumu hupita juu ya milimita 400 kwa muda usiofika sekunde 0.02, na kwa muda huo halipati nafasi ya kutumbukia lote. Tatizo ni kwamba mashimo yetu ya masika hayana upana mmoja, na likiwa refu kiasi cha kuliruhusu gurudumu kushuka, ukingo wa mbele unapokelewa na gari lenye nishati mara 4 ya ile ya kilomita 40 kwa saa. Aliye salama zaidi ni anayepunguza mwendo mapema, kisha akaachia breki kabla tu ya gurudumu kuingia, kwa sababu breki iliyokanyagwa huinamisha pua ya gari na kuzikandamiza springi za mbele zikabaki bila nafasi ya kucheza.

Kipimo kizuri bila upepo sahihi ni kazi bure. Tairi lenye upepo pungufu hukunjika kupita kiasi na kuufikisha ukingo wa rimu barabarani. Lililojazwa kupita kiasi huupeleka mshtuko wote kwenye shokapu. Kati ya makosa hayo mawili, kwa mashimo, upepo pungufu ndio unaokata mbavu. Magari yetu mengi yametumika kwanza Japani, na kibandiko cha upepo kwenye nguzo ya mlango wa dereva kimeandikwa Kijapani, jambo linalowafanya wengi wasikitazame kabisa na kumwambia fundi "weka arobaini". Namba zake zinasomeka bila kujua lugha: 220 ni kilopaskali, sawa na PSI 32, na 240 ni PSI 35. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, maana tairi lenye joto hudanganya geji.

Kuhusu rimu zenyewe, ya chuma cha kawaida ikipigwa hupinda, na fundi mzuri huweza kuinyoosha. Ya aloi ya kumimina ni ngumu zaidi lakini ikizidiwa hupasuka, na ufa wake unaweza kuwa mwembamba kiasi kwamba dalili pekee ni tairi linalopungua upepo kila baada ya siku mbili bila pancha kuonekana. Sishauri rimu iliyopasuka ichomelewe na kurudishwa kwenye gari, hata ikipakwa rangi ikapendeza, kwa sababu joto la kuchomelea hudhoofisha eneo linalozunguka kiungo.

Anayetaka kurudi kwenye rimu ndogo afanye hivyo kwa kipimo. Kwanza ajaribishe rimu bila tairi ili kuhakikisha haikwaruzi kalipa (vibanio) za breki za mbele. Pili, kipenyo cha gurudumu zima kisitofautiane na cha asili kwa zaidi ya asilimia 3. Tatu, atazame namba inayofuata kipimo: 91 maana yake tairi hubeba kilo 615, na 88 ni kilo 560, kwa hiyo anayeshuka kutoka 91 hadi 88 amepoteza kilo 220 kwa matairi manne, uzito wa abiria watatu. Kwa gari lililotoka na 195/65R15, tairi la 205/65R15 linaongeza ubavu kwa zaidi ya milimita 6 na kuinua gari kiasi hicho hicho, ilimradi halisugui ndani ya madigadi usukani unapokatwa hadi mwisho. Spidomita itasoma pungufu kwa asilimia 2 hivi, na dereva alikumbuke hilo mbele ya tochi ya trafiki.

Baada ya kishindo kizito, usiridhike na kuzunguka gari ukitazama. Nundu nyingi tunazoziona karakanani ziko ubavu wa ndani, unaoelekea chini ya gari, ambao hauonekani hadi gari lipandishwe jeki au usukani ukatwe upande mmoja na mkono upitishwe nyuma ya gurudumu. Mkono ukikutana na uvimbe, tairi hilo halizibiki kwa kiraka wala haliponi kwa kuhamishiwa nyuma. Hapo nyuzi zimeshakatika, na upepo unazuiwa na mpira peke yake.