Je, wajua kwa nini gitaa la besi hutaka wati nyingi kuliko gitaa la solo?

Ukienda kwenye onesho la muziki wa dansi Sinza au Kinondoni, angalia mitambo iliyo nyuma ya wapigaji. Mpiga solo anaweza kuwa na amplifaya ya wati 50 na ikamtosha, pengine hata ikazidi. Jirani yake, mpiga besi, ana wati 200 au 300 na boksi la spika linalomfika kiunoni, lakini walioketi meza za nyuma bado wanauliza besi iko wapi. Wapigaji wengi hudhani dawa ni kuongeza nobu ya besi. Nobu hiyo ndiyo mara nyingi inayoizamisha besi.

Tuanze na hewa. Uzi mnene wa gitaa la besi, yaani E, hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde. Uzi mnene wa gitaa la solo hutetemeka mara 82, oktavu moja juu yake. Spika ikitakiwa kushuka oktavu moja bila kupunguza nguvu ya sauti, koni yake lazima iende mbele na kurudi nyuma kwa umbali wa mara nne. Ndiyo maana boksi la besi ni kubwa na spika zake zimetengenezwa kuvumilia mwendo mrefu. Ukipitisha besi kwenye amplifaya ya gitaa la solo kwa sauti ya juu, koni inafika mwisho wa mwendo wake, inaanza kukwaruza, na isipopunguzwa inapasuka.

Halafu kuna sikio lenyewe. Mwaka 1933, Wamarekani Harvey Fletcher na Wilden Munson walitoa vipimo vilivyoonesha kwamba sikio la binadamu ni zito kwa sauti za chini. Sauti ya mitetemo 40 kwa sekunde inahitaji nguvu nyingi mno ili tuione iko sawa na sauti ya mitetemo 1,000, na uzito huo huzidi sauti ikiwa ndogo. Kwa hiyo mpiga besi anatumia umeme mwingi kusukuma hewa nyingi, kisha anampelekea msikilizaji ambaye hasikii vizuri upande huo.

Hesabu ya wati nayo haina huruma. Kutoka wati 100 kwenda 200 unapata desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), badiliko ambalo msikilizaji wa kawaida atalitambua lakini halitamshtua. Ili aone sauti imekuwa kubwa maradufu unahitaji kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Sasa irudie ile nobu ya besi. Kwenye amplifaya nyingi, ukiitoa katikati ukaizungusha hadi mwisho, unaongeza takriban desibeli 15. Hizo ni kama mara 30 ya nguvu kwa sauti za chini. Amplifaya ya wati 300 haina mahali pa kuzitoa. Inakata vilele vya mawimbi, taa nyekundu inawaka, spika inapata joto, na walioketi nyuma wanasikia mngurumo usio na noti.

Basi besi husikika kwa njia gani? Kila noti ya besi hubeba sauti nyingine juu yake: E ya mitetemo 41 inakuja pamoja na 82, 124, 165 na kuendelea. Ubongo ukizisikia hizo za juu, unajazia wenyewe ile ya chini. Ndiyo maana unaweza kufuata mstari wa besi kwenye spika ndogo ya simu ndani ya daladala, ingawa spika ile haiwezi kabisa kutoa mitetemo 41. Utambulisho wa besi, ile sauti ya kidole kugusa uzi na noti kujulikana ni ipi, uko katikati, kati ya mitetemo kama 250 na 1,000.

Kwa muziki wetu jambo hili lina uzito wa pekee. Bendi za dansi za Dar es Salaam, tangu NUTA Jazz iliyoanzishwa 1964 na baadaye ikajulikana kama Msondo Ngoma, hadi DDC Mlimani Park, Wana Sikinde, ya 1978, zimejengwa juu ya magitaa yanayojibizana: solo, rithimu, na besi inayozungumza nayo. Besi ya dansi huimba, huruka mapigo, hurudi na swali lake. Ikigeuzwa kuwa ngurumo, mazungumzo yote yanakatika. Mimi huona ni hasara kubwa kusikia mpiga besi hodari ambaye noti zake hazifiki kwa mtu anayecheza.

Kwa hiyo unapofunga mitambo, anza na nobu zote za toni zikiwa saa sita, katikati kabisa. Volyumu kuu iwe sifuri. Piga kwa nguvu yako yote, kama utakavyopiga bendi ikichangamka, huku ukipandisha gaini, yaani nobu ya nguvu ya sauti inayoingia, mpaka taa nyekundu ianze kupepesa, kisha rudisha kidogo. Hapo ndipo upandishe volyumu kuu. Kama gitaa lako linatumia betri, bonyeza swichi ya kupunguza nguvu ya ingizo au tumia tundu lake maalumu, maana magitaa hayo hutoa umeme mkubwa zaidi. Bendi nzima ikianza na ukajiona umepotea, ongeza sauti za katikati, kidogo tu. Sauti ikiwa na matope, punguza mitetemo ya 200 hadi 300. Uamuzi huo fanya wakati wenzako wanapiga. Toni inayopendeza ukiwa peke yako chumbani mara nyingi ndiyo inayozama ukumbini, kwa sababu ngoma kubwa ya dramu nayo inataka palepale chini.

Mahali pa kuweka boksi huenda pakabadilisha sauti kuliko nobu yoyote. Kwa joto la Dar sauti husafiri kama mita 349 kwa sekunde, hivyo wimbi la E ya chini lina urefu wa mita 8 na nusu. Wimbi refu namna hiyo huzunguka boksi, hugonga ukuta wa nyuma na kurudi. Uso wa boksi ukiwa mita moja kutoka ukutani, wimbi la mitetemo 87 linarudi kinyume na lile linalotoka, na yanapunguzana. Mitetemo 87 ni noti ya F. Mpiga besi atalalamikia uzi, fundi mitambo atalalamikia kidole, kumbe ni ukuta. Sogeza boksi karibu kabisa na ukuta na upungufu huo unahamia kwenye mitetemo ya juu zaidi, mahali usipoumiza sana. Kona ya ukumbi huongeza sauti za chini: katika kanisa lenye kuta za zege na sakafu ya vigae ni balaa, lakini katika baa ya wazi yenye kuta chache ni msaada usio na gharama. Jukwaa la mbao likianza kuvuma, liinue boksi juu ya kreti la soda.

Kuhusu umeme, kuna mambo ya kutofanyia mchezo. Amplifaya za mtumba kutoka Marekani nyingi zimeundwa kwa volti 120, na kwetu ni 230. Soma maandishi ya nyuma kabla ya kuchomeka. Usikate waya wa athi, ule unaopeleka umeme ardhini, ili kuondoa mngurumo, maana waya huo ndio unaokulinda usipigwe na umeme kupitia nyuzi. Mngurumo wa umeme wetu ni mitetemo 50, karibu sawa na noti ya G ya chini, kwa hiyo hujificha ndani ya muziki na kuchafua toni bila kujulikana. Kama unatokea pale sauti inapokwenda kwenye mikisa, kisanduku cha DI, kile kinachopeleka sauti ya gitaa moja kwa moja kwenye mikisa, kina swichi ya kutenganisha athi ya waya wa sauti, na hiyo ni salama kuitumia.

Kati ya amplifaya na boksi tumia waya wa spika. Waya wa gitaa una jeki ileile lakini kiini chake ni chembamba na hupata joto. Maboksi mawili ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) kwa pamoja yanakuwa omu 4. Ukiongeza la tatu unashuka chini ya 3, na amplifaya nyingi za transista haziruhusu kushuka chini ya 4. Zile za valvu, kama Ampeg SVT ya wati 300 iliyotoka 1969, zisiwashwe kamwe bila spika, kwa sababu transfoma yake inaweza kuungua.

Ni wati ngapi basi? Ukumbi ukiwa na spika kubwa za kutosha na fundi mitambo anachukua sauti yako kwa DI, wati 100 za jukwaani zinakutosha kujisikia. Muombe achukue sauti kabla ya nobu zako za toni, ili ukijirekebishia jukwaani usiharibu ya ukumbini. Kwa baa ya wazi ambako boksi lako ndilo linalobeba besi yote, nisingeshuka chini ya wati 300 na spika nne za inchi 10.