Kansa ya titi: kisu, dripu na hizo chupa za miti shamba

Haya maswali naulizwa kliniki kila wiki, mengine na wagonjwa wenyewe, mengine na ndugu wanaonivuta pembeni kwenye korido wakinong'ona ili mgonjwa asisikie. Nimeyajibu hapa yote pamoja.

Kansa ya titi ni nini?
Ni chembe za titi zinazoanza kuzaliana bila mpangilio mpaka zinafanya donge, zikiachwa zinaingia tezi za kwapani, halafu mifupa, mapafu, ini, ubongo. Mwanzoni donge mara nyingi haliumi, kwahiyo lisikudanganye kwa kukaa kimya. Wanaume nao wanapata ila wachache, karibu mmoja kwenye kila wagonjwa mia.

Eti likiguswa na kisu linasambaa?
Hapana. Hata kukatwa kinyama cha kupima hakusambazi kansa. Hapana tena, maana najua jirani yako atakwambia "fulani alikuwa mzima, walivyompasua tu akafa". Huyo fulani alikuja titi limeshatoboka, linatoa harufu, kansa iko kwenye mapafu tayari, sasa kisu kinasingiziwa kazi iliyofanywa na miezi aliyokaa nyumbani. Bila kinyama hatujui ni kansa au si kansa (na madonge mengi sio kansa!), na kama ni kansa hatujui ni ya aina gani, tutakupa dawa ipi?

Matibabu yenyewe ni yapi?
Inategemea hatua na aina. Kuna upasuaji, wengine wanatolewa donge tu wengine titi lote. Kuna kemo, yaani dawa za kuua chembe za kansa, mara nyingi dripu kila baada ya wiki tatu hivi. Kuna mionzi. Kansa inayotegemea homoni ina vidonge kama tamoxifen, unameza kila siku miaka 5 mpaka 10, na hapa naomba tuelewane, kujisikia mzima mwaka wa pili sio sababu ya kuviacha kabatini. Aina ya HER2 (chembe zake zina protini ya jina hilo kupita kiasi) ina dawa yake, trastuzumab. Wengi wanachanganyiwa zaidi ya tiba moja. Ocean Road pale Dar, Bugando Mwanza na KCMC Moshi wanatibu kansa, ila anza na hospitali iliyo karibu nawe wakupe rufaa.

Nikijaribu miti shamba kwanza, ikishindikana ndo nije?
Usijaribu kwanza. Hili ndo linalotuumiza kuliko yote. Mama anapimwa donge dogo, linatibika, anaambiwa tarehe ya upasuaji, anasema "naenda kuongea na familia", ndo imetoka hiyo. Anarudi baada ya miezi nane na chupa tatu za maji ya mizizi kwenye kikapu na kidonda kimefunikwa na kanga. Hiyo "kwanza" ndo ilikuwa nafasi yake! Mwaka 2011 tuliona foleni za kikombe cha Loliondo, ile dawa ya mizizi ya mchungaji mstaafu, na kuna watu waliacha dawa zao kabisa. Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha 2017 kwamba wenye kansa ya titi waliochagua tiba mbadala peke yake walikuwa kwenye hatari ya kufa zaidi ya mara tano ya waliopata matibabu ya hospitali. Kama kinachokuzuia ni hela sema ni hela, nenda ofisi ya ustawi wa jamii hapo hapo hospitali, usipotee. Shirika la Afya Duniani linataka mtu awe ameshajua majibu ndani ya siku 60 tangu afike kituoni, nyie mnakaa mwaka kwa mganga.

Kwahiyo mnakataa kila kitu cha asili?
Hatukatai. Chai ya tangawizi kwa kichefuchefu, kunywa pamoja na dawa ya kuzuia kutapika tuliyokupa. Kutembea kila siku kunapunguza ule uchovu wa kemo, hata kama unazunguka uani tu. Vidonda vya mdomo, sukutua maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo. Sala, kuimba kwaya, kukaa na wenzako waliopitia haya, vyote karibu. Ninachokataa ni kumeza usichokijua wakati uko kwenye dripu, majani ya mstafeli yaliyochemshwa, makopo ya virutubisho ya kununua mtandaoni, manjano ya vidonge (ya kwenye mchuzi kula tu). Dawa zetu nyingi zinapita kwenye ini na figo, na hiyo chupa nayo inapita huko huko. Ukiwa umeshakunywa tuambie, njoo nayo, hatukugombezi. Sawa, tutakugombeza kidogo.

Sukari inalisha kansa, niache kula?
Usijinyime chakula. Soda na pipi punguza kama mtu mwingine yeyote, ila kula ugali wako, mayai yaliyoiva, dagaa, maharage, maziwa yaliyochemshwa. Mwili uliokonda kwa mfungo wa kujitungia unashindwa kuhimili dripu.

Mkono umevimba baada ya upasuaji, nichanjwe chale?
Usichanjwe! Tezi za kwapani zikitolewa au zikipigwa mionzi, maji ya mwili yanaweza kukwama mkononi, na chale zinaingiza vijidudu. Rudi kliniki ufundishwe mazoezi na ufungwe bandeji inavyotakiwa.

Niko kwenye kemo, nimepata homa, nimeze panadol nilale?
Hapana. Kemo inashusha chembe nyeupe za damu, hasa wiki moja mpaka mbili baada ya dripu, na maambukizi yanaweza kukuua haraka. Joto likifika 38 nenda hospitali usiku huo huo, na ukifika mapokezi kitu cha kwanza kusema ni "niko kwenye kemo", usikae benchi unasubiri namba yako iitwe.