Nani humlipa wakili katika shauri la fidia ya madhara ya chanjo Marekani

Mzazi ambaye mtoto wake amedhurika baada ya chanjo huuliza mapema: wakili atakata asilimia ngapi ya fidia? Hakati hata senti. Sheria ya Marekani ya 1986 kuhusu madhara ya chanjo za utotoni, kifungu cha 15(e), inamkataza wakili kumtoza mteja ada yoyote ya shauri hilo zaidi ya ile iliyoidhinishwa na hakimu. Ukiwekewa mbele mkataba wa theluthi ya fidia, usitie saini. Ada hutoka kwenye mfuko uleule unaolipa fidia, nao hujazwa na ushuru wa senti 75 kwa kila ugonjwa unaokingwa na dozi. Ndiyo maana dozi moja ya surua, matubwitubwi na rubela hutozwa dola 2.25.

Mashauri haya husikilizwa na mahakimu maalumu wa Mahakama ya Madai ya Shirikisho, jijini Washington. Mdaiwa ni Waziri wa Afya na Huduma za Jamii, si kampuni iliyotengeneza chanjo.

Ukishinda, ada na gharama zenye kiasi ni lazima zilipwe. Ukishindwa bado zinaweza kulipwa, ila kwa masharti mawili: ombi liwe limeletwa kwa nia njema, na liwe na msingi wa kuridhisha. Nia njema haisumbui sana. Inatosha kwamba mwombaji aliamini kweli kwamba chanjo ndiyo iliyomdhuru. Msingi ndio unaoangusha watu, kwa sababu haupimwi kwa imani bali kwa ushahidi: kumbukumbu za chanjo, faili la hospitali, tarehe ya dalili ya kwanza, maelezo ya daktari. Katika shauri la Cottingham la 2020, mahakama ya rufaa ilisema ushahidi huo uzidi chembe tu, lakini hauhitaji kufikia uzito unaohitajika kushinda shauri lenyewe. Mwaka uliofuata, katika James-Cornelius, iliongeza kwamba hata hati ya kiapo ya mwombaji inaweza kuhesabiwa. Naona huo ni uamuzi wa haki, maana mama aliyekesha na mtoto anayetetemeka ameona mambo ambayo daktari hakuyaandika.

Kosa ninaloona lina madhara makubwa kuliko yote ni la ukomo wa muda. Ombi la madhara hufunguliwa ndani ya miaka 3 tangu dalili ya kwanza. Mteja hupotea, hurudi siku chache kabla ya mwisho, na wakili hufungua ombi bila kumbukumbu zozote mkononi akidhani haraka hiyo itamtetea. Shauri la Simmons la 2017 lilifunga mlango huo: kukaribia kwa ukomo hakuzai msingi. Wakati huohuo, kuchelewa peke yake hakuui ada. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua katika Sebelius dhidi ya Cloer, 2013, kwamba hata ombi lililokataliwa kwa kupitwa na muda linaweza kulipiwa ada likitimiza masharti yale mawili.

Msingi pia unaweza kuwepo mwanzoni kisha ukapotea. Wakili akishatambua kwamba maoni ya mtaalamu wake hayana cha kuyashikilia, kisha akaendelea hadi kusikilizwa, kazi ya baada ya hapo inaweza kukosa malipo. Ndivyo ilivyokuwa katika Perreira, 1994.

Hesabu yenyewe ni saa zilizotumika mara kiwango cha saa. Kwa mujibu wa shauri la Avera, 2008, kiwango kwa kawaida ni cha Washington, isipokuwa sehemu kubwa ya kazi imefanyika mahali ambapo viwango vya mawakili viko chini sana kuliko vya Washington. Chukua mfano wa kubuni: wakili saa 60 kwa dola 400 ni 24,000, msaidizi wake saa 20 kwa 150 ni 3,000, safari saa 10 kwa nusu ya kiwango ni 2,000. Jumla ni dola 29,000 kabla ya gharama.

Hapo hakimu huanza kukata. Wakili aliyefanya kazi ya msaidizi hulipwa kiwango cha msaidizi. Kazi ya ukarani, kama kupanga faili, kutoa nakala au kuweka miadi, hailipwi kabisa, hata ikifanywa na nani. Saa za wakili kujifunza taratibu za mpango huu wa fidia nazo hukatwa. Lakini kinachomaliza fedha nyingi ni uandishi mbaya. Anayeandika “kupitia faili, simu, barua: saa 5.5” anamnyima hakimu njia ya kupima, na hakimu anaruhusiwa kupunguza kwa asilimia bila kupitia mstari kwa mstari. Andika kila kazi peke yake, siku ileile, kwa vipande vya dakika 6: “kusoma ripoti ya daktari wa neva, kurasa 14: saa 0.4”.

Gharama hutaka stakabadhi: ada ya kufungua shauri, malipo ya kumbukumbu za hospitali, ankara ya mtaalamu yenye saa na kiwango, si jumla tupu. Mwombaji aliyelipa chochote mfukoni mwake hutoa taarifa yake iliyosainiwa, nayo huambatanishwa. Msisahau hilo, ni fedha za familia.

Maombi ya ada huwasilishwa ndani ya siku 180 tangu hukumu kuingizwa. Shauri likiburuta kwa miaka na wataalamu wakidai chao, Avera inaruhusu kuomba malipo ya muda kabla halijaisha, na ofisi ndogo zisione haya kuomba.

Haya yote hayahusu chanjo za Covid-19. Hizo ziko chini ya mpango mwingine, ambao ombi lake hupelekwa ndani ya mwaka 1 tangu kuchanjwa, na ambao haulipi ada ya wakili hata ukishinda. Muulize wakili ni mpango upi kabla hajafungua faili.