Uwanja wa kikapu nyumbani: yanayosemwa mtaani na yanayosemwa na zege

Tangu nimwage zege la uwanja wa kikapu nyuma ya nyumba hapa Nyegezi, Mwanza, Jumamosi haipiti bila jirani kusimama getini na swali, na mara nyingi jibu anakuwa nalo tayari. Sicheki. Mengi ya majibu hayo niliyaamini mimi mwenyewe, na mawili yalinitoa fedha.

"Mwanza ni mawe matupu, msingi wa nini?" Mawe yapo, ila hayakutandikwa kama mkeka. Kiwanja cha mlimani mara nyingi ni nusu mwamba, nusu kifusi kilichojazwa ili kusawazisha. Ukilaza zege juu ya vyote viwili, upande wa kifusi unatitia, wa mwamba unagoma, na ufa unapita palepale vinapokutana. Mwamba ushushwe kidogo na kufunikwa moramu, ule udongo wa changarawe. Kifusi kishindiliwe tabaka kwa tabaka, sentimita 15 hivi kila moja, kikiwa na unyevu. Kumwaga lori tatu kwa mpigo na kupitisha mashine juu mara moja ni kushindilia ngozi tu.

Tena si Mwanza yote iliyo mlimani. Wasukuma wana majina ya udongo kadiri ardhi inavyoshuka: luseni, wa kichanga, kwenye miteremko, itogolo chini yake, mgumu kwa jembe, na bondeni kabisa mbuga, ule mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Anayejenga juu ya mbuga huambiwa aongeze unene wa zege. Haisaidii. Udongo huo ukivimba huinua hata ukuta wa nyumba. Kinachosaidia ni kuuchimba na kuutoa, kujaza moramu, na kuyaelekeza maji ya mvua mbali na kingo. Gharama yake inaweza kupita ya uwanja wenyewe, na ningekuwa bondeni mimi ningesimamisha goli juu ya moramu iliyoshindiliwa vizuri, bila zege kabisa. Mpira unadunda.

"Uwanja mzuri umelala sawasawa." Hapa ndipo fedha ya kwanza ilipokwenda. Fundi aliweka pima maji, ikatulia katikati, tukapongezana. Mvua za vuli zilipoanza zikatuachia madimbwi matatu yaliyokaa hadi kesho yake mchana. Uwanja wa nje huinamishwa asilimia 1, yaani sentimita 1 kwa kila mita. Wenye upana wa mita 15 unashuka sentimita 15 kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. Jicho halioni, mpira haujali, maji yanajua. Na uiname upande mmoja tu, usiwe na mgongo katikati. Kuupima ni rahisi: lowesha uwanja wote, subiri saa nzima, kisha pita na sarafu. Inapozama, pana shimo.

"Malizia na niru, ing'ae." Fedha ya pili. Niru, ule uji wa saruji unaosuguliwa hadi ung'ae, ni ya sebuleni. Nje, ikipata vumbi na umande inateleza kama kambare, na kwa jua letu huanza kubanduka magamba. Nililipa vijana kuichubua yote kwa mashine. Zege la uwanja hupigwa fagio gumu likiwa bado bichi, ibaki mistari midogo ya kushika kiatu.

"Kesho litakuwa limekauka, watoto waingie." Kukauka ndiko kunakoliharibu! Saruji hukomaa kwa maji, kwa hiyo lifunikwe magunia na kumwagiliwa siku 7 angalau. Rangi isubiri siku 28. Zege la sentimita 10 likatwe pia mistari kila mita 3 hivi, kina robo ya unene, maana litapasuka tu. Afadhali lipasuke pale ulipoliambia.

"Bila mita 28 kwa 15 hujajenga uwanja." Hivyo ni vipimo vya FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, vya uwanja mzima. Mchezo wa watatu kwa watatu unatumia goli moja na mita 15 kwa 11, na wangu ndio huo. Kwa unene wa sentimita 10 ni mita za ujazo 16.5, takribani mifuko 100 ya saruji kwa mchanganyiko wa 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Nguzo ikae nje ya mstari na bodi itokeze ndani mita 1.2, la sivyo kila anayekimbilia goli atakumbatia chuma. Ringi ni mita 3.05 kutoka chini.

Goli liwe kaskazini au kusini. Jirani yangu mmoja aliliweka magharibi ili apate mandhari ya ziwa. Saa kumi na moja jioni wachezaji wake wote wanarusha kwa kukisia, macho wameyafumba.

Kuhusu ziwa, wapo wanaosema kiwanja kikifika majini ni ruhusa kujenga hadi majini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Hata isingekuwepo, waliokuwa na bustani kandokando mwaka 2020 wanakumbuka maji yalivyopanda.

Na taa? Wengi huamini zikiwa nyingi na nyeupe ndiyo bora. Mwanga mweupe huwaita wadudu kuliko wa njano, kwa hiyo nimefunga za njano, mbili tu, zimeelekezwa chini. Zinasaidia siku nyingi. Lakini siku chache baada ya mwezi kuandama, vile vijidudu vya ziwani vikipaa kama moshi na kuja nchi kavu, hakuna rangi inayofaa: vinaingia mdomoni, masikioni, kwenye chupa za maji. Tunazima, tunaingia ndani kula.