Ua la Mwaka Mmoja ni Lipi Hasa?

Katika vitalu vingi vya miche hapa Mombasa, karibu kila mche mdogo wenye ua la kupendeza huuzwa kwa jina la ua la mwaka mmoja, na mnunuzi huambiwa kwamba ukifika Desemba aung'oe apande mwingine. Kwa baadhi ya mimea maneno hayo ni kweli. Kwa mingine ni hasara ya bure.

Ua la mwaka mmoja ni mmea unaoota kutokana na mbegu, ukakua, ukachanua, ukazaa mbegu na kufa wenyewe ndani ya msimu mmoja, hata utunzwe vipi. Mwaka huo haufuati kalenda: zinia iliyosiwa mvua za masika zinapoanza Aprili huweza kuchanua kabla ya Juni kwisha, na kabla ya vuli imekwisha kukauka. Marigoldi, kosmosi na alizeti ni wenzake. Miche inayojiotea pale pale baadaye si zinia ya zamani iliyofufuka, bali ni ya mbegu zilizodondoka.

Linaloudhi ni vinka kutiwa katika kundi hili. Nauzungumzia ule mmea wa majani ya kung'aa na maua ya petali tano, ya waridi au meupe yenye kitone chekundu katikati, unaojiotea hata kwenye nyufa za kuta za mawe ya matumbawe bila kumwagiliwa na mtu. Asili yake ni Madagaska, na penye joto huishi miaka kadhaa, shina lake la chini likawa gumu kama kijiti. Ulaya huuawa na jalidi, kwa hiyo huko hupandwa majira ya baridi yakiisha na kung'olewa yakirudi, na pakiti za mbegu huuandika kuwa wa mwaka mmoja. Maelezo hayo yanahusu baridi ya huko, hayahusu umri wa mmea. Mombasa, hata Julai kusi inapovuma, usiku haushuki sana chini ya nyuzi 20.

Jina lenyewe nalo lina mkanganyiko wake. Mwaka 1759 Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliuita Vinca rosea, akiuweka pamoja na vinka za Ulaya, ambazo nazo huishi miaka mingi. Baadaye wataalamu waliuhamishia jenasi, yaani kundi la mimea ya karibu, ya Catharanthus, lakini jina la zamani halikutoka midomoni, na limebaki hata katika vinkristini na vinblastini, dawa za saratani zilizopatikana kutokana na mmea huu.

Kwa hiyo vinka ikifa Mombasa baada ya miezi michache, yaelekea haijamaliza mwaka wake. Mara nyingi imeoza mizizi kwa kumwagiliwa kila jioni katika chungu kisicho na tundu. Ikirefuka na kupukutika majani ya chini, ikatwe hadi karibu nusu ya urefu wake vuli inapokaribia, na mkataji anawe mikono kwa sababu utomvu wake una sumu; itachipua upya. Muuza miche naye hana hila, amesoma tu pakiti iliyoandikiwa nchi ya theluji, na akielezwa kwa upole ataihamishia vinka upande wa asmini na mawaridi.