Je, wajua sindano isiyo na dawa hufanya nini kwa mbwa mzee anayechechemea?

Ukisikia kwa mara ya kwanza kwamba mbwa au paka mzee anaweza kudungwa sindano za akupancha ili apate nafuu ya viungo, maswali huja mawili kwa mpigo: huyo mnyama anatuliaje, na sindano isiyobeba dawa yoyote inamsaidiaje?

La kwanza lina jibu jepesi. Hizi si sindano za kuchomea dawa. Hazina tundu katikati. Ni uzi wa chuma kisichoshika kutu, mara nyingi wenye unene wa milimita 0.2 hadi 0.3. Wengi hushtuka kidogo inapopenya ngozi, wengine hata hawageuki. Baada ya dakika chache utamwona mbwa akiramba midomo, akipiga miayo, kope zikimlemea, na wapo wanaolala fofofo sindano zikiwa zimesimama mgongoni na mapajani. Paka ni paka: mmoja atajikunja alale, mwingine hatakubali hata ya pili.

Swali la pili ndilo lenye mambo. Mnyama anavyozeeka, gegedu linalofunika ncha za mifupa hulika, ute unaolainisha kiungo hupoteza utelezi wake, na mifupa huota vinundu pembezoni. Sindano hairudishi gegedu lililokwisha. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo wanaoinadi tiba hii kana kwamba inakarabati goti. Inachoshughulika nacho ni maumivu yenyewe, yaani ile taarifa inayotoka kiungoni kwenda kwenye ubongo.

Sindano ikiingia kwenye misuli na kuzungushwa taratibu, huamsha neva zilizo pale. Neva hizo hupeleka ishara kwenye uti wa mgongo, ambako ishara za maumivu zinaweza kupunguzwa nguvu kabla hazijafika juu. Ubongo nao huachilia endofini, kemikali za mwili zinazofanya kazi kama mofini. Hilo lilijaribiwa miaka ya 1970: panya waliopewa naloksoni, dawa inayozima kazi ya mofini, hawakupata tena nafuu ya sindano. Mwaka 2010 watafiti walipima kinachotokea pale pale sindano ilipo, karibu na goti la panya, wakakuta adenosini, kemikali nyingine inayotuliza neva, imepanda takriban mara 24. Panya waliozaliwa bila kipokezi cha kemikali hiyo hawakunufaika na chochote. Panya hajui akupancha ni nini wala hana matumaini nayo, kwa hiyo ni vigumu kusema yote haya ni imani tu.

Kuna na jambo la misuli, ambalo kwa maoni yangu halipewi uzito unaostahili. Mbwa mwenye nyonga mbovu huhamishia uzito kwenye miguu ya mbele, na kwa miezi kadhaa misuli ya mabega na mgongo hukaza hadi ukiipapasa inakuwa migumu kama ubao. Hapo pana maumivu mapya juu ya yale ya kiungo. Ndiyo maana daktari huweka sindano nyingi mgongoni hata kama tatizo liko nyuma kabisa.

Kwa nini basi asipewe vidonge tu? Mara nyingi hupewa, na akupancha huongezwa pembeni. Lakini dawa za kutuliza uvimbe huweza kuumiza tumbo na figo, na paka wengi wazee tayari figo zao zimechoka. Na usijaribu kumgawia dawa zako: parasetamoli humuua paka, na ibuprofeni ni sumu kwa mbwa.

Ushahidi kwa wanyama wenyewe wenye viungo vibovu bado ni mchanganyiko. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2006 hayakupata uthibitisho wa kutosha wa kuipendekeza wala kuikataa. Mwaka huohuo, mbwa wachache wenye viwiko vibovu walitibiwa kwa sindano zilizounganishwa na umeme mdogo, kisha wakatembezwa juu ya bamba linalopima kila mguu unakanyaga kwa nguvu kiasi gani. Haikuonekana tofauti ya maana. Tatizo jingine ni mwenye mbwa: katika majaribio ya aina hii, watu huripoti kwamba mnyama anatembea vizuri hata alipopewa dawa bandia, yaani isiyo na kiini chochote cha kutibu, huku bamba likionyesha mguu unakanyaga vilevile.

Kwa hiyo usitegemee hisia. Mrekodi kwa simu anavyoinuka asubuhi na anavyopanda ngazi kabla ya tiba kuanza, kisha mrekodi tena sehemu ileile baadaye. Kwa paka, tazama manyoya ya kiunoni karibu na mkia: yakiwa yamesokotana, huenda hawezi kujipinda ajirambe. Tazama pia kama anaruka mara moja hadi juu au anapitia kituo cha kati. Dawa zake zisibadilishwe kipindi hicho, la sivyo hutajua kilichosaidia. Kwa kawaida huanza na mara moja kwa wiki. Zikipita mara nne hadi sita bila badiliko lolote, sioni sababu ya kuendelea.

Na apimwe kwanza na daktari wa mifugo. Sindano haziwekwi kwenye uvimbe wa saratani wala ngozi yenye maambukizi, na mnyama ambaye damu yake haigandi vizuri huhitaji tahadhari. Isitoshe, si kila mbwa mzee anayechechemea ana viungo vilivyolika. Huenda ni kano ya goti iliyokatika, au saratani ya mfupa, ambayo picha ya eksirei huweza kuionyesha wakati wiki sita za sindano zingeichelewesha tu kugunduliwa.